Tanga ya Viwanda: Tunayosimuliana Barazani na Yaliyokuwa

Keti barazani Ngamiani baada ya magharibi, kahawa ikishazunguka mara moja, utasikia tu mtu akisema: "Tanga hii bwana, ilikuwa Tanga!" Hapo viwanda huanza kuhesabiwa kwa vidole: cha mbolea, cha chuma, cha nguo, cha sabuni, vya kamba. Siku hizi mazungumzo hayo yamepamba moto kwa sababu ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, pwani ya Tanga. Vijana wanauliza, wazee wanajibu kwa uhakika: mji utarudi kama zamani.

Mimi ni mjukuu wa manamba. Babu yangu mzaa baba alitoka upande wa Kigoma akiwa kijana, akaletwa kukata mkonge, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Watu wa mji huu husema "Tanga, waja leo waondoka leo", lakini yeye alikuja akazikwa hapa. Kwa hiyo nikisikia zamani hiyo ikisimuliwa nusu nusu, naumia. Nusu inayoachwa ndiyo inayoeleza jinsi maisha ya mtu wa kawaida yalivyobadilika, na nani aliyeyabadilisha.

"Tanga imekuwa mji wa viwanda tangu Mjerumani"

Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Mwaka huo huo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kupitia Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba makubwa ya mkonge yaliyoenea kando ya reli yalianzia kwenye miche hiyo michache. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Lakini reli na bandari havikujengwa ili Tanga itengeneze kitu. Vilijengwa ili kitu kitoke.

Mashine iliyokuwepo ilikuwa korona, ile inayoponda jani la mkonge na kuliparua mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake. Nayo ilikaa shambani kwa sababu inayoeleweka: jani likishakatwa halingoji, linatakiwa lipite korona ndani ya siku moja au mbili, na katika kila kilo 100 za majani singa kavu hazizidi kilo 4 hivi. Hakuna atakayelipa nauli ya makapi. Singa zikaanikwa, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota, zikapanda meli. Kamba zilisokotwa ng'ambo.

Na tusidhani hakuna aliyejaribu kuzisokota huku. Miaka ya 1930 kiwanda cha kamba kilifunguliwa Tanganyika, kikaanza kuuza Uingereza kwa bei ya chini. Wasokotaji wa kule wakapiga kelele kwa serikali yao, wakataka kamba za koloni zizuiwe kwa ushuru. Kiwanda kile hakikufika hata vita ya pili ya dunia, kikafungwa. Kila nikisikia kwamba mkoloni alituletea viwanda nakikumbuka kiwanda hicho.

Viwanda ambavyo wazee wetu wanavihesabu barazani vingi ni vya baada ya Uhuru. Cha chuma na cha mbolea vilianza mapema miaka ya 1970. Cha saruji, Pongwe, kilianza kuzalisha mwaka 1980. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 cha mbolea kilikuwa kimeshafungwa. "Zamani" yetu ile ilidumu miaka isiyofika hata umri wa mtu kuoa.

"Kila mtu alikuwa na kazi, na maisha yalikuwa matamu"

Kazi ilikuwepo, hilo sipingi. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani 230,000 hivi za singa, na hakuna nchi duniani iliyotoa zaidi. Lakini tuulize kazi yenyewe ilikuwaje.

Jina manamba linatokana na namba. Mtu alipoandikishwa alipewa namba, na kwa karani alijulikana kwa hiyo kabla ya jina alilopewa na wazazi wake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, ambayo wenyewe waliiita Silabu. Wakaletwa Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde, watu wa Burundi na wa Msumbiji, kwa malori na kwa treni. Walitafutwa mbali kwa makusudi. Mtu wa karibu, Mbondei au Mdigo mwenye shamba lake na minazi yake, kazi ikimshinda anarudi nyumbani jioni. Aliyetoka mwendo wa siku nyingi anarudi wapi?

Halafu kulikuwa na kipande. Hii ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, karani anatia alama. Usipokwenda, au nyapara akisema hujatimiza, siku hiyo haipo. Mshahara ulikuja nafasi zote 30 zikishajaa, kwa hiyo "mwezi" wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda wala wa kuandama. Ungeweza kuchukua wiki tano au sita. Babu alikuwa akisema kwao alijua wakati kwa mvua na kwa mavuno, lakini huku alijua kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kikigongwa alfajiri kungali giza. Mabadiliko makubwa yaliyoletwa na viwanda popote duniani, kwa maoni yangu, ni haya ya kumnyang'anya mtu saa zake. Mvuke na magurudumu watu huvizoea.

Majani yalifungwa mafungu ya 30 30, na mkataji alitakiwa kufikisha idadi kabla jua halijawa kali. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mweusi; aliyewahi kuchomwa haulizi kwa nini wakataji walianza kazi kabla ya macheo. Wengi waliishi kambini bila wake zao, na chakula kilikuwa posho: unga, maharage, chumvi.

Kilichopunguza ugumu huo ni watu kukataa. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 migomo ilienea mashambani, vyama vya wafanyakazi vikapata nguvu, na mapema miaka ya 1960 kima cha chini cha mshahara kikapanda. Nami sitaficha upande wa pili: mishahara ilipopanda, wenye mashamba walipunguza watu. Waliobaki walipata zaidi, na wengine walifungasha.

"Kiwanda kiliwapa watu makazi"

Kwa kambi za mkonge, ndiyo, ikiwa chumba kimoja katika mstari wa vyumba tunakiita makazi. Kwa mjini, sivyo. Mji wa Tanga ulikuwa na watu 20,000 hivi mwaka 1948, 38,000 hivi mwaka 1957, na 61,000 hivi mwaka 1967, ukawa wa pili Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Wote hao walilala wapi? Walilala Ngamiani, katika nyumba za Kiswahili zilizojengwa na wenyeji kwa fedha zao: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Mgeni akapata chumba, na humo humo akajifunza Kiswahili cha mjini, akaoa, akaingia kwenye kikundi cha kufa na kuzikana. Barabara zile za Ngamiani zinazoitwa kwa namba zilipokea watu wengi kuliko kambi yoyote ya mwajiri, na sijasikia mtu akizishukuru.

"Wenzetu Ulaya, viwanda vilipoingia tu wakaneemeka"

Dhana hii ndiyo inayotudanganya kuliko zote, maana tunaitumia kupangia kesho.

Manchester ulikuwa mji wa pamba na mvuke, mji wa kwanza wa aina yake. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa ripoti juu ya afya ya watu maskini wa Uingereza. Alikusanya umri wa waliokufa na kutafuta wastani. Manchester, wastani wa umri wa kufa kwa familia za vibarua ulikuwa miaka 17, na kwa matajiri wa mji ule ule miaka 38. Kisha akaangalia Rutland, wilaya ya mashamba isiyo na viwanda vya kutajika. Huko kibarua alifikia wastani wa miaka 38. Kibarua wa shamba alipata maisha marefu sawa na tajiri wa mji wa viwanda, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa kibarua wa mjini.

Hapo hapo kuna dhana nyingine ya kusahihisha. Watu husoma "miaka 17" wakadhani Manchester haikuwa na wazee, kwamba kijana akifika 17 anaandaliwa sanda. Sivyo wastani unavyofanya kazi. Katika familia za vibarua pale, zaidi ya nusu ya watoto walikufa kabla ya kufika miaka mitano, na vifo vyao ndivyo vilivyoushusha wastani. Aliyevuka utotoni aliweza kufika 50 au 60. Tena mji unaokua haraka huwa na watoto wengi na wazee wachache, na hilo pia linaushusha wastani. Hata ukiyaondoa hayo, tofauti inabaki kubwa. Watu walijazana katika vyumba vya chini ya ardhi, choo kimoja kwa nyumba nyingi, maji ya kisima jirani na choo hicho.

Kuhusu watoto kazini, viwanda havikubuni jambo hilo. Mtoto wa mkulima alifanya kazi tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni saa nyingi mfululizo kando ya mashine, chini ya macho ya msimamizi asiye mzazi. Uingereza ilisubiri hadi mwaka 1833 kupata sheria yenye wakaguzi iliyopiga marufuku viwanda vingi vya nguo kuajiri watoto wa chini ya miaka 9.

"Azimio la Arusha ndilo lililoua mkonge"

Hili huwagombanisha marafiki, nami nimeshalizungumza mpaka kahawa ikapoa. Bei ya singa ilianza kuporomoka baada ya mwaka 1964, kabla ya Azimio na kabla ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, na mkulima wa Ulaya na Marekani aliyekuwa akifungia nyasi kwa uzi wa mkonge alipata kitu cha bei nafuu. Uendeshaji wa mashirika uliofuata ulikuwa na makosa mengi. Mashamba yalikosa vipuri na watu, na pori likarudi. Lakini mgonjwa alikuwa ameshalala kitandani kabla daktari mbaya hajaingia.

"Mji ukikua, maji na usafi hufuata wenyewe"

London, mji tajiri kuliko yote duniani wakati huo, ilipigwa na kipindupindu mwaka 1832, ikapigwa tena 1848 na 1849, tena 1853 na 1854. Mwaka 1854 daktari John Snow aliwahesabu waliokufa karibu na bomba moja la maji katika mtaa wa Broad Street, akaonyesha ugonjwa ulipita kwenye maji, wakati wengi waliamini unatokana na hewa yenye harufu mbaya. Hawakumsikiliza sana. Mwaka 1858 joto likapanda, mto Thames ukanuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni, ndipo fedha zikatoka. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makuu ya maji taka chini ya mji mzima. Kipindupindu kilirudi mara moja tu, mwaka 1866, kikaua kwa maelfu upande wa mashariki. Upande huo ndio ambao mabomba yake yalikuwa hayajakamilika.

Viwanda vya London havikuwa vimepungua hata kimoja, wala watu wake hawakuwa wamepungua. Kilichobadilika ni mfereji na maji.

Maji ya bomba tunayokunywa Tanga hayakuletwa na korona wala na kinu cha chuma. Yanatoka bwawa la Mabayani, lililojengwa miaka ya 1970 kwenye mto Zigi, na mto huo unashuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Anayelima mteremko mpaka ukingoni mwa mto kule juu, anatutilia tope sisi wa huku chini. Vipo vikundi vya wakulima wa Muheza vilivyokubali kuacha ukingo na kupanda miti. Mkazi wa Chumbageni au Makorora huku mjini hawajui kwa majina.

Mwaka 2012 Jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332. Sensa ya 2022 ilihesabu 393,429, na bomba la mafuta lilikuwa halijaanza kazi. Kila mgeni atakayefuata kazi Chongoleani atataka chumba, choo na ndoo ya maji siku ile ile ya kwanza, kabla hajaandikishwa popote. Jioni hii nitawauliza wenzangu barazani swali moja: mto Zigi unaotutosha leo, nani anauongezea maji?