Uajemi ya kusini na Waingereza, 1914–1921: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wanaozungumzia Uajemi (Iran ya leo) wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ni wa aina mbili. Kuna wanaoamini Waingereza waliimeza nchi nzima, na kuna wanaoamini nchi haikuwa vitani, hivyo hakuna la kusimulia. Wote wamekosea. Ukitaka kuona kwa nini, achana kidogo na Tehran, ushuke kusini kwenye jimbo la Fars na bandari ya Bushehr.

"Uajemi ilikuwa koloni la Uingereza"

Haikuwa. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Shah wa Uajemi hakuwahi kuingia katika hali hiyo. Kilichokuwepo ni mapatano ya 1907 kati ya Uingereza na Urusi, yaliyofikiwa bila Waajemi kuulizwa. Kaskazini, pamoja na Tehran, Tabriz na Isfahan, pakawa eneo la ushawishi la Warusi. Kusini mashariki, kuanzia Sistan na Kerman hadi Bandar Abbas, pakawa pa Waingereza. Sehemu ya katikati ikaachwa wazi kwa wote wawili.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Bushehr, Shiraz na visima vya mafuta vya Masjed Soleyman, vyote viliangukia hiyo sehemu ya katikati, nje ya fungu la Waingereza. Mafuta yenyewe yalipatikana 1908, ramani ikiwa imeshachorwa. Mwaka 1914 serikali ya London ilinunua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni ya mafuta iliyochimba hapo, Anglo-Persian, maana manowari zake zilikuwa zinaacha makaa ya mawe, na kuanzia hapo ramani ya 1907 ikawa inambana aliyeichora. Dawa ikapatikana Machi 1915, kwa siri: Warusi waliahidiwa Istanbul na milango yake ya bahari, Waingereza nao wakaongezewa eneo la katikati. Mji wa Waturuki ulilipiwa kwa ardhi ya Waajemi.

"Shah alitangaza kutoegemea upande wowote, kwa hiyo vita haikufika"

Ahmad Shah alitangaza hivyo tarehe 1 Novemba 1914. Alikuwa na majeshi mawili ya maana: Wakozaki, askari wa farasi walioongozwa na maofisa wa Kirusi, na jandarma, polisi wa kijeshi walioongozwa na maofisa wa Kiswidi. Warusi walikuwa tayari Azerbaijan, jimbo la Uajemi la kaskazini magharibi, Waturuki wakaingia kuwafuata, na wanajeshi kutoka India wakashuka kwenye kichwa cha Ghuba kulinda mitambo ya kusafishia mafuta ya Abadan. Tangazo halikumzuia yeyote kati yao.

"Kila amri ilitoka London"

Hii ndiyo dhana ninayoiona ina madhara zaidi, kwa sababu inaficha jinsi mambo yalivyoendeshwa. Ofisa mkubwa wa Kiingereza kusini alikuwa Residenti wa Bushehr, naye alikuwa na mabwana wawili. Kama mwakilishi wa kisiasa katika Ghuba, aliwajibika kwa Serikali ya India. Kama balozi mdogo mkuu wa Fars, alikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya London na balozi aliyeko Tehran. India iliogopa kutawanya askari wake. Balozi wa Tehran aliogopa kila jambo la nguvu lililofanyika pwani, maana lingeweza kuangusha baraza la mawaziri alilolibembeleza kwa miezi. Telegramu zilipishana, na mara nyingi aliyekuwa Bushehr au Shiraz aliamua mwenyewe.

Bwana aliyeijua kazi hiyo kuliko wengine ni Percy Cox. Alipita Zeila na Berbera kwenye pwani ya Wasomali, akawa balozi mdogo Muscat kuanzia 1899, kisha akashika Bushehr kuanzia 1904. Vita ilipoanza akahamishiwa Basra pamoja na jeshi.

Tazama yaliyotokea Bushehr yenyewe. Tarehe 12 Julai 1915 wapiganaji wa Tangistan, wilaya iliyo jirani na Bushehr, walishambulia nje ya mji na kuua maofisa wawili wa Kiingereza. Tarehe 8 Agosti Waingereza wakaukalia mji. Ofisi ya posta ikachukua stempu za Waajemi zenye sura ya kijana Ahmad Shah na kugonga juu yake maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba Bushehr iko chini ya ukaliaji wa Waingereza. Wakusanyaji wa stempu wanazitafuta mpaka leo, na wengi huzichukulia kuwa ushahidi wa utawala wa miaka mingi. Kumbe tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo mji ulirudishwa kwa utawala wa Waajemi. Wiki kumi hivi, basi.

Askari walibaki jirani. Kilichorudishwa ni kazi ya kutawala: mahakama, posta, manung'uniko ya sokoni. Nionavyo mimi, Waingereza walipiga hesabu wakaona liwali wa Kiajemi anayesikilizana nao ni nafuu kuliko liwali wa Kiingereza. Tena hawakuhitaji kukaa forodhani ili kuishika forodha. Tayari iliendeshwa na Wabelgiji, na mapato ya forodha za kusini yalikuwa rehani ya mkopo wa benki ya Waingereza.

"Yote ilikuwa kazi ya Mjerumani mmoja"

Huyo ni Wilhelm Wassmuss, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Ujerumani hapo Bushehr, akarudi 1915 kuchochea makabila. Simulizi za Waingereza zilimkuza kupita kiasi, labda kwa sababu kushindwa na mchawi mmoja wa Berlin kunavumilika kuliko kukubali kwamba wanavijiji wamekukataa. Rais Ali Delvari, kiongozi wa wapiganaji wa Tangistan ("Rais" hapa si mkuu wa nchi), aliyeuawa Septemba 1915, hakuhitaji kufundishwa na Mjerumani kuwachukia wageni. Manowari za Waingereza zilikuwa zimesumbua pwani ile kwa miaka zikisaka biashara ya bunduki, na wanazuoni wa dini walikuwa na maneno yao wenyewe kuhusu kukaliwa kwa mji wa Waislamu.

Wala si wakulima na wavuvi peke yao. Tarehe 10 Novemba 1915 jandarma wa Shiraz, yaani askari wa serikali ya Shah, walimkamata balozi mdogo Frederick O'Connor pamoja na jamii yote ya Waingereza mjini. Wanawake waliachiwa wafike Bushehr. Wanaume walifungwa katika ngome ya Ahram, mwendo wa karibu tu kutoka kambi za wenzao, wakakaa huko hadi Agosti 1916 walipobadilishwa na wafungwa wa Kiajemi. Dola yenye manowari Ghubani ilishindwa kumtoa balozi wake mdogo kwa nguvu. Ikabidi ijadiliane na wazee wa vijiji.

"Kikosi cha Bunduki cha Uajemi Kusini kilikuwa jeshi la Uingereza"

Swali gumu zaidi ni kilikuwa cha nani. Percy Sykes, ofisa wa Kiingereza aliyekiunda, alishuka Bandar Abbas Machi 1916 akiwa na maofisa wachache na ulinzi wa Wahindi, akaanza kuandikisha wenyeji. Alipita Kerman, Yazd na Isfahan, akaingia Shiraz Novemba. Maofisa wakubwa na mishahara vilikuwa vya Waingereza. Askari walikuwa Waajemi, wengine wakiwa jandarma walewale wa mwaka uliotangulia. Machi 1917 waziri mkuu Vosuq al-Dowleh alikitambua kikosi hicho. Waliomfuata wakakataa, na 1918 Tehran ikakitangaza kuwa jeshi la kigeni. Jiweke katika nafasi ya askari wa Shiraz siku hizo: serikali yako inakwambia unamtumikia mgeni, mullah anakwambia hivyohivyo, na Waqashqai, kabila la wafugaji wa kuhamahama chini ya mkuu wao Solat al-Dowleh, wameuzunguka mji. Maasi na utoro wa 1918 havihitaji maelezo marefu.

Aliyeuokoa upande wa Waingereza kisiasa hakuwa Sykes. Alikuwa mwanamfalme Farmanfarma, liwali mkuu wa Fars tangu 1916, aliyelipwa ruzuku na Waingereza. Yeye na Qavam al-Mulk, mkuu wa makabila ya Khamseh, waliwagawanya Waqashqai kwa kumuunga mkono ndugu wa Solat al-Dowleh aliyeutaka ukuu. Ukiita huo utawala wa Waingereza, sawa, ila mkono ulioendesha shughuli ulikuwa wa Mwajemi mwenye mashamba, jamaa na hesabu zake mwenyewe.

"Waingereza waliua Waajemi milioni nane kwa njaa"

Njaa ya 1917–1919 ilikuwa ya kweli na ya kutisha. Mvua zilikosekana, majeshi ya pande zote yalinunua au kunyang'anya nafaka na wanyama wa mizigo, na wenye maghala walificha ngano wakingoja bei ipande. Waingereza wana sehemu yao ya lawama, kama walivyo nayo Warusi, Waturuki na matajiri wa Tehran. Lakini kwa nchi ambayo kwa kawaida hukadiriwa kuwa na watu milioni kumi hivi, kufa kwa milioni nane kungeiacha tupu, na haikuwa tupu. Maradhi yanasahaulika pia: Sykes alikadiria kwamba mafua ya 1918 yaliua watu 10,000 kati ya 50,000 wa Shiraz.

"Mkataba wa 1919 uliikabidhi nchi"

Mkataba huu kati ya Uingereza na Uajemi ulitiwa saini 9 Agosti 1919, na mjumbe wa Uingereza alikuwa Cox yuleyule wa Bushehr. Mkopo wa pauni milioni mbili kwa riba ya asilimia saba, washauri wa fedha na wa jeshi, na chini ya meza pauni 131,000 kwa mawaziri watatu wa Kiajemi, mmoja wao mtoto wa Farmanfarma. Lord Curzon, aliyesimamia mambo ya nje huko London, aliona kazi imekwisha. Majlisi, yaani bunge la Uajemi, haikuuidhinisha kamwe, na baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 1921 mjini Tehran serikali mpya ikautangaza kuwa umekufa. Kikosi cha Sykes kilivunjwa mwaka huohuo.

Na Fars je? Farmanfarma alipoondoka 1920, uliwali ulikwenda kwa mpwa wake aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya kupitia Bushehr, wakubwa wa Shiraz wakamwomba abaki. Telegramu ya mapinduzi ilipofika, alikataa kuitambua serikali mpya, akajiuzulu na kukimbilia kwa kabila la Wabakhtiari. Jina lake Mohammad Mosaddegh, ambaye miaka thelathini baadaye akiwa waziri mkuu aliitaifisha kampuni ya mafuta.