Risasi Kuukuu Bado Inalia: Funzo la Shehena ya Manza

Mzee mmoja wa upande wa Mkinga alifika ofisini kwetu makumbusho na mfuko wa rambo. Alikuja nao kwa daladala, kaupakata mapajani safari nzima. Ndani mlikuwa na kipande cha kanga, na ndani ya kanga risasi saba alizozifukua akichimba mihogo. Aliziweka mezani kwangu moja moja, akauliza: "Mwanangu, hizi bado zinalia?"

Nilimwomba asiziguse tena, tukatoka wote nje, nikapiga simu polisi. Wakati tunasubiri nilimjibu. Swali lile naulizwa mara nyingi makumbusho, kwa hiyo nalijibu hapa pia.

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki kwenye tako la ganda, baruti tumboni, na kichwa mbele. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki ikawasha baruti, na gesi ya baruti ikasukuma kichwa. Wengi hudhani sehemu hizi huzeeka pamoja, mpaka risasi nzima ikawa kipande cha chuma chakavu tu. Sivyo. Kila sehemu huzeeka kivyake, na hatari iko hapo hapo.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Tanga kwenyewe. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojigeuza meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilijipenyeza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wa Tanga, ikiwa na bunduki na mamilioni ya risasi kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifuata humo ikaipiga mizinga. Nahodha wa Rubens, Christiansen, akaizamisha meli yake kwenye maji mafupi, moto ukawaka juu, na Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Shehena yenyewe ilikuwa chini, imelowa, lakini ipo.

Wapiga mbizi wakaitoa. Ndipo ikaanza kazi ambayo kwangu mimi ni ya kustaajabisha kuliko mapigano yenyewe: risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa kwa mikono. Kichwa kikachomolewa, baruti ikamwagwa na kuanikwa, ganda likasafishwa, fataki mbovu zikabadilishwa, kisha kila kitu kikarudishwa mahali pake. Kumbuka kwamba askari wengi wa Lettow-Vorbeck wakati huo walikuwa bado na bunduki aina ya Mauser ya 1871, inayotumia baruti nyeusi. Ukipiga mara moja tu, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipojificha. Risasi za kisasa zisizotoa moshi zilikuwa dhahabu. Mwaka uliotangulia, baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, waliokota za Waingereza kwa mamia ya maelfu. Hawakuwa watu wa kuiacha shehena ya Manza ioze.

Pamoja na bidii yote ile, matokeo hayakuwa ya kuaminika. Nyingi ziligoma. Zilizoonekana dhaifu zilitengwa kwa mazoezi ya shabaha. Nasisitiza jambo hili: mafundi wa jeshi, wenye zana na fataki mpya, wakifungua risasi zilizotoka kiwandani karibuni tu, bado hawakuweza kuzirudisha katika hali yake. Hizi za mzee wa Mkinga zimekaa ardhini zaidi ya miaka 100.

Tuangalie kilichozipata. Fataki za zama zile zilitengenezwa kwa zebaki na chumvi za kloreti. Unyevu ukiingia, nyingine hufa kabisa, nyingine hubaki hai nusu. Hiyo iliyo hai nusu ndiyo mbaya, kwa sababu inaweza kukaa kimya baada ya kugongwa, kisha ikawasha baruti mtu ameshaanza kufungua bunduki. Zebaki nayo, fataki ikishalipuka, hula shaba ya ganda na kuifanya ngumu na nyepesi kuvunjika.

Baruti isiyo na moshi ina adui wake ndani yake mwenyewe. Kadiri miaka inavyokwenda huoza na kutoa mvuke wa asidi. Viwandani huchanganywa na dawa ya kuzuia uozo huo, lakini dawa nayo huisha. Baruti iliyofika hapo hunuka ukali unaochoma pua, na kwa wingi inaweza kujipasha joto mpaka ikawaka bila kuguswa. Anayefungua ganda kuukuu kwa koleo ili auze shaba kwa wanunuzi wa chuma chakavu anacheza na vitu hivi viwili kwa pamoja.

Ganda lenyewe pia lina kisa chake. Waingereza waliokuwa India walishangaa kuona risasi zilizowekwa kwenye mabanda ya farasi zikipasuka shingoni msimu wa mvua, ingawa hakuna aliyezigusa. Mkosaji alikuwa amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi. Risasi tatu kati ya zile saba za mzee zilikuwa na mpasuko huo huo, mwembamba kama unywele. Alinieleza kwamba kabla ya kuja kwetu alizificha miezi miwili kwenye banda la mbuzi, watoto wasizione.

Msomaji mmoja Mtanzania anayeishi Marekani aliniuliza jambo la jirani. Baba mkwe wake ana bunduki ya Winchester ya mwaka 1907, ya kujipakia yenyewe, na risasi zake hazipatikani tena dukani kwa urahisi. Kule sheria inaruhusu watu kupakia upya maganda nyumbani, yaani kuyatia fataki, baruti na kichwa kipya. Je, afuate vipimo vya kitabu cha zamani alichokikuta kwenye sanduku? Nilimjibu asithubutu. Bunduki ile haina kufuli la kushika bolti, yaani chuma kinachoziba nyuma ya risasi, risasi inapolipuka. Kinachoizuia ni uzito wa bolti na springi yake tu. Presha ikizidi, bolti hurudi upesi mno na ganda hupasuka likiwa nusu nje ya chemba. Presha ikipungua, kichwa hukwama ndani ya mtutu, na ole wake atakayepiga ya pili. Baruti za leo si zile za kitabu kile hata kama jina limebaki lile lile. Ampelekee fundi wa silaha mwenye leseni aipime kwanza, na kama mtutu au springi imechoka, ibaki ukutani.

Kwetu Tanzania hakuna mjadala: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikupi ruhusa ya kukaa na risasi bila leseni, hata kama umeiokota shambani mwako. Usiihamishe, usiipanguse udongo, usiitie mfukoni. Weka alama pembeni, jiti au jiwe, kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji au piga 112. Hakuna atakayekulaumu kwa kutoa taarifa.

Nasi makumbusho tunakuomba hivyo kwa sababu yetu pia. Risasi ikiwa bado pale ilipoangukia inatueleza nani alisimama wapi na alielekea upande gani. Ikifika mezani kwangu ndani ya kanga, ninachobaki kusoma ni maandishi ya takoni tu: herufi za kiwanda, mwezi, na tarakimu mbili za mwaka, 14.

Wataalamu wa polisi waliziharibu zote saba, baada ya kutuachia picha za matako yake. Siku ya pili walikwenda na mzee shambani. Walikuta nyingine kumi na moja zimelala kwenye mstari, futi chache kutoka kwenye shina la mwembe, na safari hii tulipata nafasi ya kuzichora zilivyo kabla hazijainuliwa.