Farasi Aliyekonda Hahitaji Mahindi Kwanza

Farasi akikonda, swali ninaloulizwa ni lile lile: nimwongezee mahindi kiasi gani? Juzi nimeulizwa tena, na mwenye farasi alikuwa ameshaongeza kabla hajanipigia simu. Nilipotaka kujua anakula nyasi kilo ngapi kwa siku, akanijibu, "Nyasi zipo, daktari, lakini zile ni za kujaza tumbo tu." Kauli hiyo inanikera kwa sababu nayaona madhara yake kwa wanyama.

Nyasi ndizo chakula. Vingine vyote ni nyongeza. Kiwanda cha farasi kiko nyuma, kwenye sekamu (mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana) na utumbo mpana wenyewe, ambako bakteria huchachusha nyuzinyuzi na kutengeneza asidi za mafuta ambazo mwili unazitumia kama nishati. Farasi wa malisho hupata sehemu kubwa ya nguvu zake huko. Akiwa huru hula saa 14 hadi 18 kwa siku, kidogo kidogo. Tumbo lake ni dogo na linatoa asidi muda wote, awe anakula au amekaa na njaa, ilhali mate ya kuipoza asidi hiyo hayatoki mpaka atafune. Ukimpa nyasi alfajiri akazimaliza mapema, kisha akasimama bandani hadi jioni, asidi inashinda ikigusa sehemu ya juu ya tumbo, ambayo haina ute wa kuikinga. Vidonda vingi huanzia hapo, na farasi mwenye vidonda anaweza kukataa chakula na kukonda. Mwenyewe akiona mbavu, anaongeza mahindi.

Kiwango cha chini cha nyasi ni asilimia 1.5 ya uzito wa mwili kwa siku, zikihesabiwa bila maji yake. Mimi nataka asilimia 2. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kilo 10. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, nayo ina maji kidogo, kwa hiyo ongeza kilo moja hivi. Nyasi mbichi ni maji kwa takriban robo tatu au zaidi, usizihesabu kama hei.

Sasa hayo mahindi. Wanga humeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, na uwezo wa utumbo huo una kikomo. Mlo ukizidi, wanga uliobaki unateremka hadi kwenye sekamu. Bakteria wanaoupenda wanazaliana haraka, asidi ya laktiki inapanda, wale wa nyuzinyuzi wanakufa, na sumu zao zinaweza kuingia kwenye damu. Utaishia na msokoto wa tumbo, au laminitisi, ile inayomfanya farasi asimame amejiegemeza nyuma kwa sababu kwato za mbele zinawaka. Na farasi hatapiki. Kilichoingia kimeingia.

Kikomo ninachotumia ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito, kwa mlo mmoja. Wapo wataalamu wanaoruhusu gramu 2. Vitabu huziandika namba hizi kana kwamba kuna mstari uliochorwa, na mstari huo haupo. Farasi wawili wa uzito mmoja hawameng'enyi wanga kwa kiwango kimoja, na mahindi makavu yasiyopikwa humeng'enywa vibaya kuliko oti (shayiri ya farasi) hata gramu zikilingana. Nimeshika 1 kwa sababu hasara ya kuwa mwangalifu kupita kiasi ni ndogo kuliko ya kuzidisha.

Lakini namba yoyote ile haina maana mikononi mwa mtu anayepima kwa kopo, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia. "Nampa makopo mawili asubuhi." Makopo mawili ya nini? Chukua kopo la lita 2, lijaze oti, uliweke kwenye mizani: utapata kama gramu 900. Mwaga, ujaze mahindi: inakaribia kilo moja na nusu. Mahindi ni wanga kwa takriban asilimia 70, oti kwa asilimia 40 hivi. Kwa hiyo kopo la oti lina wanga gramu 360 hivi, na kopo hilo hilo la mahindi lina karibu kilo nzima. Kwa farasi wa kilo 500, la kwanza liko ndani ya kikomo na la pili limekivuka mara mbili. Saisi aliyeambiwa "oti zimekwisha, weka mahindi, kipimo kile kile" hana kosa. Kosa ni la aliyemwambia. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, pima nafaka, pima na hei.

Pumba za ngano nazo hupewa farasi aliyekonda kana kwamba ni dawa. Zina fosforasi zaidi ya mara 7 ya kalsiamu, wakati mlo mzima wa farasi haupaswi kuwa na fosforasi kuizidi kalsiamu. Ukizitegemea kwa miezi, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake, na mifupa ya uso inavimba. Farasi wa wasaga nafaka waliugua hivyo tangu zamani.

Kabla ya kuongeza chochote, inama utazame chini ya hori. Ukikuta vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu na kutemwa, vimelowa mate, tatizo ni meno. Peleka kinyesi kikahesabiwe mayai ya minyoo. Kama wanakula kundini, simama utazame nani anamfukuza nani.

Kisha tumia mkono, kwa sababu manyoya marefu na tumbo lililojaa hei hudanganya macho. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza, lakini usizione. Kipimo cha unene wa mwili cha Henneke, cha mwaka 1983, kinatoa alama 1 hadi 9, na 5 ni ya wastani. Wataalamu wawili hutofautiana kwa farasi yule yule, hata kwa alama nzima, kwa hiyo apime mtu mmoja kila mara, na namba ya utepe iandikwe pembeni: mzunguko wa kifua kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu wa mwili kutoka bega hadi makalio, ugawe kwa 11,880. Utapata kilo za kukadiria tu, ila mwelekeo wake unasaidia sana.

Wapo wanaohitaji zaidi ya nyasi. Farasi jike anayenyonyesha, mwezi wa kwanza, anahitaji nishati karibu mara mbili ya kawaida. Farasi wa kazi nzito sana naye hivyo hivyo. Anza na hei bora na alfalfa (majani ya malisho ya jamii ya kunde), halafu mafuta ya mimea kidogo kidogo, na nafaka iwe ya mwisho, imegawanywa milo midogo. Kila badiliko lichukue siku 10 hadi 14, bakteria wapate muda.

Na usimpe kamwe chakula cha kuku au cha ng'ombe ili tu kupunguza gharama. Baadhi yake kina monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo, ambayo kwa kiasi kidogo huharibu misuli ya moyo wa farasi, na haina dawa ya kuizima.