Raundi 12 si dalili ya uoga

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi: eti ndondi za zamani ndizo bora kwa kuwa mabondia walipigana raundi 15, na za leo ni 12 kwa uoga.

Sivyo. Novemba 1982, mjini Las Vegas, bondia mmoja aliangushwa raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. Ndipo mapambano ya ubingwa yakaanza kupunguzwa. Tena hizo 15 kwa kawaida zilikuwa za ubingwa. Fungua rekodi ya bondia yeyote wa miaka ya 1970 uone ilivyojaa mapambano ya raundi 10. Video zinazosambazwa huonyesha mapambano makubwa pekee, ndiyo maana watu huchanganyikiwa.

Kuhusu enzi bora, tubishane kwa kinyozi hadi jioni. Ujumbe huo lakini, tafadhali, usiutume mbele.