Bakteria wa majani ya msituni si uchafu wala ugonjwa

Nimelisikia mara nyingi hapa Unguja: jani la mwituni likiwa zima halina bakteria, na wakionekana basi mti unaumwa. Si hivyo.

Ingia msitu wa Jozani asubuhi, uchume jani la mtondoo. Linang'aa, vishipa vyake vyembamba vimelala sambamba kama nyuzi zilizotandikwa, na umande bado umelishika. Kwa macho ni safi kabisa. Lakini jani la mmea mzima huweza kubeba bakteria milioni 1 hadi milioni 10 katika kila sentimita 1 ya mraba. Nao hawakutapakaa ovyo: hujikusanya kandokando ya vishipa na karibu na vitundu ambavyo jani hupumulia, penye unyevu na sukari kidogo inayovuja.

Wanaonivutia zaidi ni methilobakteria. Jani linapokua hutoa methanoli, aina ya alkoholi, nao huila hiyohiyo. Likandamize jani juu ya chakula cha maabara kilichogandishwa kwenye kisahani, ulitoe, usubiri siku kadhaa: huota vidoa vya waridi vikifuata umbo la jani. Rangi hiyo ni yao wenyewe.

Wengine ni walinzi hasa. Bakteria waitwao sfingomonasi walijaribiwa kwenye mmea mdogo uitwao Arabidopsis, wakaukinga na bakteria anayeudhuru. Waharibifu wapo, ndiyo, ila kwenye jani zima kwa kawaida ni wachache.

Hata hivyo, mchicha wa sokoni uoshe, maana umepita mikono mingi na maji usiyoyajua.