Seli shina na mshipa wa fahamu uliokatika

Mjomba wangu ni mrina asali wa Sikonge, mkoani Tabora. Miezi mitano iliyopita panga lilimpitia chini kidogo ya kiwiko cha mkono wa kulia. Alishonwa mshipa wa fahamu, kidonda kikafunga vizuri, lakini kidole kidogo na upande mmoja wa kidole cha pete vikabaki na ganzi. Wiki chache baadaye, akiwasha mwenge wa kufukizia nyuki, kidole kiliungua. Alijua kwa harufu. Tangu siku hiyo nyumbani wananiuliza: hizi seli shina tunazozisikia, haziwezi kumwotesha mshipa mpya?

Tuanze na neno. Shina ndipo matawi yanapoanzia. Mwembe ukikatwa shina likabaki, unachipua. Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu, iwe ya damu, mfupa au ngozi. Hujigawa, ikazaa nyingine kama yenyewe na nyingine zinazokwenda kushika kazi. Hata mtu mzima anazo, ikiwemo kwenye uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, na kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi.

Mshipa wa fahamu nao si mshipa wa damu. Ni kitita cha nyuzi nyembamba sana, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja ambayo mwili wake uko ndani ya uti wa mgongo au kando yake. Ukikatika, sehemu iliyotengana na seli yake inakufa. Daktari Mwingereza Augustus Waller alilieleza jambo hilo mwaka 1850 baada ya kuchunguza mishipa ya ulimi wa chura. Sehemu ya juu hubaki hai, ikaanza kuchipua.

Tatizo ni mwendo: takriban milimita moja kwa siku. Kutoka pale mjomba alipokatika hadi kwenye misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 25, yaani siku 250. Muda wote huo misuli haipati amri, inanyauka, na ikikaa mwaka mmoja na nusu hivi huwa vigumu kuirudishia nguvu. Aliyeumia begani ana safari ndefu kuliko hiyo.

Uzi unaochipua hauendi peke yake. Unaongozwa na seli za Schwann, zilizopewa jina la mwanasayansi Mjerumani Theodor Schwann. Mshipa ukikatika, seli hizi husaidia kusafisha mabaki, hujipanga mstari, na kutoa kemikali za kuukuza uzi. Nazilinganisha na yule ndege anayemwongoza mrina asali porini hadi walipo nyuki. Lakini zikingoja miezi mingi bila kufikiwa, huchoka na kupungua.

Hapo ndipo seli shina zinapohitajika, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Haziwi mshipa mpya. Watafiti huzitoa kwenye uloto au mafuta, wakaziweka penye mshono au ndani ya kijibomba kinachounganisha ncha mbili, ili zisaidie kazi ya seli za Schwann: kutoa kemikali za ukuaji, kutuliza uvimbe, kuvuta mishipa ya damu. Nyingine hufundishwa maabara zifanane na seli za Schwann zenyewe. Faida inayotafutwa zaidi ni pale pengo linapokuwa kubwa, maana leo daktari hulazimika kukata mshipa wa nyuma ya mguu kuziba pengo la mkono, na kumwachia mgonjwa ganzi pembeni mwa unyayo.

Ushahidi mwingi bado ni wa panya, na mguu wa panya ni mfupi mno kulinganisha na mkono wa mjomba. Kwa binadamu haijawa tiba ya kawaida. Usichanganye na upandikizaji wa uloto kwa wagonjwa wa selimundu, unaofanyika hata Dodoma; hiyo ni tiba iliyothibitishwa. Na ukiletewa kopo la unga linaloitwa seli shina, tunza fedha yako: seli ukiimeza, tumbo huisaga kama nyama.

Kwa sasa mjomba hujigongagonga kwa kidole kufuata njia ya mshipa. Panapomtekenya kama umeme ndipo nyuzi zilipofika. Daktari Mfaransa Jules Tinel alieleza alama hiyo mwaka 1915. Tangu mwezi uliopita, imeshuka kwa upana wa vidole viwili.