"Ualimu ni wito": yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwalimu akilalamika kwamba malimbikizo yake hayajalipwa, hakosi mtu wa kumjibu: "Lakini ualimu ni wito." Neno hilo tumelitwisha mizigo mingi, mingine si yake.

Dhana: Mwenye wito hujijua tangu utotoni

Wapo waliopanga magunzi ya mahindi uani wakayafundisha a, e, i, o, u. Mimi simo. Nilijaza ualimu kwenye fomu kwa sababu matokeo ya kidato cha nne hayakuniachia mengi ya kuchagua, nikaripoti chuoni nimenuna.

Kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa hisabati, darasa la nne. Kulikuwa na mtoto mmoja, ukimpa 52 kutoa 27 anakuletea 35. Nikamwekea kosa mara tatu. Mara ya nne nikamwita mezani anieleze amefanyaje.

"Mbili kutoa saba haiwezekani, mwalimu. Kwa hiyo nimeanza na saba."

Kumbe hakuwa mzembe. Alikuwa na kanuni yake, tena akiifuata kwa uaminifu kuliko mimi nilivyofuata andalio langu la somo. Jioni nikakata vijiti, nikavifunga kumikumi kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kesho yake nikamwachia mafungu matano na vijiti viwili, nikamwambia anipe saba. Akavitazama weee, kisha akafungua fungu moja mwenyewe, bila kuambiwa.

Sikusikia sauti yoyote kutoka juu. Niligundua tu kwamba tangu jana yake sikuwa nimewaza kuacha chuo.

Dhana: Ualimu ni wa waliofeli

Julius Nyerere alitoka Makerere akaenda kufundisha St. Mary's, Tabora. Akasoma Edinburgh, akarudi, akafundisha tena, safari hii Pugu, mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya chama cha TANU. Alikuwa rais miaka mingi, lakini jina lililomganda ni Mwalimu.

Dhana hii haikuzuka hewani, tuseme ukweli. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote (UPE), watoto wengi waliingia shule kwa mkupuo, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wakifunzwa. Miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka, wakaja waliopewa mafunzo ya wiki chache, watu wakawabatiza "voda fasta". Waliochekwa ni wao, ilhali haraka haikuwa yao: madarasa yalijaa kabla ya walimu kuandaliwa. Na wengi wetu kusoma tumefundishwa na haohao wa UPE.

Dhana: Mwenye wito haulizi mshahara

Anauliza. Mwenye nyumba wake hapokei wito. Julai 2012 walimu waligoma kudai nyongeza, na waliogoma ni walewale wanaobeba madaftari kwenda kuyasahihisha nyumbani usiku.

Dhana: Wito ni kupenda watoto

Hata shangazi yangu anawapenda watoto, na darasa la watoto tisini lingemshinda kabla ya kengele ya saa nne. Upendo ni mwanzo mzuri, ila mimi siku hizi natazama kitu kingine: kosa la mtoto linamfanya nini huyu anayetaka kuwa mwalimu? Linamkera tu, au linamnyima usingizi?

Mwaka jana tulipokea binti wa mazoezi, mpole, sauti haifiki nyuma ya darasa. Wenzangu ofisini walishamkatia tamaa. Jioni moja akapiga hodi kwangu, daftari la mtoto wa darasa la tano mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Naomba uone hapa. Kaandika 0.12 ni kubwa kuliko 0.5!"

"Marahaba. Kwa nini?"

"Kwa sababu kumi na mbili ni kubwa kuliko tano!" Alikuwa anacheka, macho yanamwaka. "Sasa mwalimu, huyu namwonyesha kwa kitu gani?"

Nikamkaribisha chai. Ilipoa mezani, hakuigusa. Tulikuwa tumeshatoa rula, tunahesabu milimita.